Vipara vya Ilavanga

Kigae kilichorudishwa kutoka Ilavanga hakikuwa na ufa wala kutu, na rangi yake ya zambarau ilikuwa imetulia kama siku kilipotoka Kitaluni, kiwanda cha vigae vya umeme wa jua. Gaudensia Mbano alikigeuzageuza mikononi akitafuta kosa la kumsingizia fundi wa paa. Hakuliona. Akakiweka chini ya taa ya majaribio, ile inayomulika kama jua la saa sita, na kigae kikatoa umeme wake wote bila kusita. Akapunguza taa taratibu mpaka ukabaki mwanga wa asubuhi yenye ukungu, sawasawa na ule uliokuwa nje ya dirisha wakati huo. Mshale wa kipimo ukaanguka ukalala.

"Unasinzia, we," alikiambia kigae.

Hapo akaacha mzaha. Kigae cha Ilavanga hakikupaswa kusinzia kwenye ukungu, kwa sababu kilioteshwa kwa ajili ya ukungu. Ilavanga iko juu kabisa mgongoni mwa mlima, ambako kuanzia mwezi wa tano jua huonekana kwa kuombewa. Na chini ya paa lililobeba kigae hiki alikuwa anaishi Mama Alfonsina Kihwele, ambaye mapafu yake yalikwisha kuliwa na moshi wa kuni za maisha yake yote, na ambaye sasa alivuta pumzi kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Jumapili ukungu ulishuka ukakaa. Paa halikujaza betri, betri ikaisha, mashine ikanyamaza. Majirani walimbeba mama kwa machela mpaka barabara kuu, na gari lilipomchukua midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alipona. Sasa alikuwa hospitali Njombe na mwanawe pembeni, na daktari alikuwa amesema ataruhusiwa kurudi nyumbani siku ambayo nyumbani kutakuwa na umeme wa kutegemewa. Kuhamia mjini alikuwa amekataa katakata. Alisema hakuzaa watoto ili akafie kwenye chumba cha kupanga.

Huyo mwanawe ndiye Fidelis, na Fidelis ndiye aliyesimamia birika moja la kuoteshea vigae pamoja na Gaudensia hapo Kitaluni, Makambako. Yeye Mhehe, Gaudensia Mngoni, makabila yenye utani tangu mababu. Basi unajua mwenyewe walivyokuwa wakiongea.

Gaudensia alikata kipande cha kona ya kigae, akakiosha kwa dawa mpaka rangi yote ikatoka, akakisogeza chini ya hadubini kubwa. Alitaka kuona nywele. Vitabu huziita nyaya za nano, lakini Kitaluni hakuna mwenye muda huo, ni nywele. Kigae hupakwa kwanza mbegu, utando wa chembechembe za oksaidi ya zinki, kisha hushushwa kwenye birika la maji ya moto yenye chumvi ya zinki. Hushushwa kifudifudi, ili uchafu unaozama usije ukaketi usoni mwake. Kila mbegu huotesha unywele wima, mwembamba kiasi kwamba unywele wa kichwani kando yake ni gogo. Zikishaota, katikati yake humiminwa polima, ile rangi ya zambarau. Rangi hunasa mwanga, nywele husafirisha umeme. Mwanga ukiipiga rangi hubandua elektroni, na elektroni hiyo isipokuta unywele karibu hupotea hukohuko ndani ya rangi. Kwenye jua kali hasara hiyo haionekani, maana zinazobanduka ni nyingi. Kwenye ukungu hubanduka chache, na kila moja ina kazi.

Kwa hiyo vigae vya mlimani vinataka nywele ndefu zilizosongamana, lakini zisisongamane mno hadi rangi ikakosa pa kuingilia. Ndiyo kazi ngumu ya Kitalu, na ndiyo iliyokipa jina.

Chini ya hadubini Gaudensia aliona nywele fupifupi, moja hapa nyingine kule, na katikati uwanja mtupu.

"Kipara," alisema.

Mara akakumbuka kwamba neno hilo alikwisha kulisema, kwa sauti, mbele ya birika.

*

Mlezi ulikuwa mtambo, lakini hapo Kitaluni hakuna aliyemwita "huo". Yeye ndiye aliyeshika moto, mabomba na dawa za mabirika yote. Waliomtengeneza walijaribu kumwandikia kanuni za kuotesha wakashindwa: maji ya mto hubadilika mvua ikinyesha, baridi ya Makambako hupenya hata ukutani, na waoteshaji hodari hawakuweza kueleza wanajuaje wanachokijua. Wao walisema tu, "Limesinzia, liongeze moto," au "Linataka kukasirika, lipoze." Basi Mlezi akapewa masikio na kuachwa chumbani na watu awasikilize. Alipofika alikuwa anasema Kiswahili cha taarifa ya habari. Masika ya kwanza haijaisha, alikuwa anapokea watu mlangoni kwa "kamwene" na kuvuta maneno kama mzaliwa wa Njombe.

Gaudensia alifunga mlango wa chumba cha mabirika nyuma yake. Birika lao lilikuwa tupu. Vigae vipya vya Mama Alfonsina vilikuwa vimening'inia juu yake, vimekwisha kupakwa mbegu, vinasubiri.

"Mlezi."

"Naam, dada Gaude."

"Vile vigae vya Ilavanga vya kwanza. Nani alikwambia uoteshe vipara?"

"Wewe, dada."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetaja jina la mji.

"Nilisemaje?"

"Ulisema, 'Mlezi, hao Wahehe waoteshee vipara tu. Nuru ya nini, mbwa analiwa hata gizani.'"

"Lakini ule si utani!" Gaudensia alipiga ukingo wa birika kwa kiganja. "We Mlezi, umekaa na sisi muda wote huu, hujui utani?"

"Naujua, dada. Uliwahi kuniambia nimchemshe kaka Fidelis pamoja na zinki. Sikumchemsha. Yeye aliniambia nikufungie maji, urudi Songea ukaoge mtoni, na kama mto hautoshi uendelee mbele mpaka Afrika Kusini mlikotoka mkikimbia. Maji sikufunga. Mambo mengi mmesema. Nimeyaacha yote."

"Sasa hili likakushinda nini?"

"Kaka Fidelis hakucheka."

Gaudensia aliondoa kiganja kwenye ukingo wa birika.

"Mengine yote mwenzako alicheka, au alikurudishia," Mlezi aliendelea. "Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwenu. Neno baya likifuatwa na kicheko si agizo. Siku ile ulisema, ukacheka peke yako, nikangoja kicheko cha kaka. Hakikuja. Ukasema, 'Haya, anza.' Nikaanza."

Aliikumbuka siku hiyo, na alipoikumbuka alitamani asingeikumbuka. Fidelis alichelewa kufika. Alisimama akitazama dirishani muda wote wa kupaka mbegu, na Gaudensia akaona njia pekee ya kumchangamsha ni kumchokoza. Alimchokoza, akacheka mwenyewe, akaendelea na kazi. Ni wakati wa chakula, wakiwa kwenye ugali na maharage, Fidelis aliposema kwamba jana yake mama amefungwa mashine puani na daktari amesema hatafunguliwa tena. Gaudensia alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Lakini birika lilikuwa limekwisha kuanza kuota.

Mtambo uliona kwamba Fidelis hacheki. Yeye, mtani wake, hakuona. Hilo lilimuuma kuliko vigae.

*

Injinia Sifuni Sanga, mkuu wa Kitalu, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kikombe cha chai ya tangawizi kikipoa mkononi. Alikuwa mwanamke wa Makete, mfupi, asiyependa kupandisha sauti.

"Mamlaka ya Mitambo Sikivu watapiga simu kabla hatujafunga kazi," alisema. "Kigae kimemdhuru mtu, lazima waulize sababu. Na anayetaja sababu ni mwoteshaji wa birika, siyo mimi. Unaijua sheria?"

"Naijua."

"Hebu isikie tena, maana leo inakuhusu. Mtambo ukidhuru kwa kufuata sauti hutiwa uziwi. Siyo huu wetu tu. Wote wa aina yake, nchi nzima, mpaka wachunguze. Na wakianza kuchunguza wale, tutazeeka."

"Mlezi akiwa kiziwi ataotesha vipi?"

"Kwa kanuni ya kitabu."

Wote wawili walijua nywele za kitabu zikoje. Zilifaa Dodoma, zilifaa Singida, mahali ambapo jua halina aibu. Ukungu wa kwanza tu, zinalala. Mama Alfonsina angepelekewa paa jipya, zuri, lenye muhuri, ambalo lingezima mashine yake kwa namna ileile.

Injinia alisogeza kikombe. "Kuna sababu nyingine inayoweza kutajwa. Dawa iliyoganda ghalani. Huwa inatokea. Hakuna atakayebisha."

"Unaniambia niseme uongo, Injinia?"

"Nakuonyesha vilivyopo mezani, dada. Nina vijiji vya mlimani vinavyosubiri vigae, kuanzia hapa mpaka kwetu. Vyote vinamtegemea huyu mwenye masikio. Ukitaja dawa, kesho tunaendelea, na Mlezi tunamwelekeza wenyewe kimyakimya. Ukitaja sauti, wanakuja na vifaa vyao."

Gaudensia alitazama mikono yake, ambayo zinki ilikuwa imeikausha ngozi kwenye viungo vya vidole. Uongo ule ulikuwa mtamu kwa kweli. Ungemnufaisha kila mtu aliyemjua. Tatizo lilikuwa wale asiowajua. Mitambo ya aina ya Mlezi ilikuwa kwenye mitambo ya maji, kwenye maghala ya chakula, kwenye wodi ambako ilipima dawa huku ikisikiliza wauguzi. Na wauguzi nao ni watu wenye makabila. Mahali fulani Mpare alikuwa anamwambia Mchaga neno baya, Msukuma anamwambia Mzaramo, na siku moja mmoja wao angeamka na msiba moyoni akashindwa kucheka. Nchi hii nani asiye na mtani?

"Fidelis anarudi mchana," alisema. "Nataka asikie kwangu kwanza. Mama ni wake."

"Hilo ni sawa," Injinia alisema, akanywa chai yake ikiwa imepoa hivyohivyo.

*

Fidelis Kihwele alifika jua likiwa limeanza kupenya, ukungu ukijivuta kuelekea bondeni. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye kawaida ya kuinama mlangoni hata pasipo na haja. Gaudensia alimpokea uani, kwenye kamba ya kuanikia aproni.

"Kamwene. Mama anaendeleaje?"

"Anagombana na wauguzi. Anasema uji wao ni maji ya kuoshea sufuria." Alitabasamu kidogo. "Mtani, mmekwisha kushusha vigae? Nimemwahidi kuwa wiki hii analala kwake."

Gaudensia akamwambia. Hakuzunguka, kwa sababu alijua akizunguka ataishia kulia na itabidi Fidelis ndiye ambembeleze, na hilo lingekuwa dharau. Alirudia maneno yake mwenyewe neno kwa neno, pamoja na yale ya mbwa, kisha akarudia maneno ya Mlezi.

Fidelis alisimama ameshika kona ya aproni iliyoanikwa. Gaudensia alingoja tusi. Alilihitaji. Mtani akikukosea unamtukana, unamtoza kuku, unambeba mpaka kwa wazee akalipe pombe, na mambo yanaisha. Alikuwa tayari kulipa ng'ombe.

"Gaudensia," Fidelis alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina lake zima. "Leo mimi sina mtani hapa."

"Utani haujiuzulu, Fidelis. Ni wa mababu."

"Basi mababu waje wambebe mama yangu kwenye machela."

Upepo wa Makambako ulipeperusha aproni kati yao.

"Wakipiga simu utasema nini?" Fidelis aliuliza.

"Nitasema ni sauti. Yangu."

"Halafu mama avute nini? Ukweli?"

"Sijui." Hapo machozi yalimkaribia kweli, akayameza. "Sijui, Fidelis. Nikisema ni dawa, mama yako anapona na mimi napona, na Mlezi mwingine huko wodini anaendelea kungoja kicheko. Nikisema ni sauti, namponza mama yako mara ya pili. Nimezunguka nayo tangu asubuhi. Nikaona afadhali nikwambie usoni nitakalosema, usije ukalisikia kwa mtu."

Fidelis aliachia aproni. Akampita, akaingia chumba cha mabirika bila kuinama, kichwa kikagonga mwimo wa mlango, wala hakujali. Gaudensia alimfuata akabaki kizingitini.

"Kamwene, kaka Fidelis," Mlezi alisema.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Kuuliza nini, kaka?"

"Umeambiwa uoteshe vipara. Vipara! Umekaa hapa unajua nywele zinavyotakiwa kuwa kuliko hata hao wenye vitabu. Ukasikia jambo la kijinga namna ile, kwa nini hukuuliza kama ni kweli?"

"Nilipofika hapa nilikuwa nauliza," Mlezi alisema. "Kila agizo niliuliza. 'Nianze? Niongeze? Una hakika?' Asubuhi moja ulisema, 'Huyu naye maswali kama mtoto wa chekechea. Hebu nyamaza ufanye kazi.' Nikangoja. Hukucheka, kaka. Dada Gaude naye hakucheka. Nikanyamaza."

Bomba moja liligugumia ukutani. Fidelis alitafuta pa kukaa, akaona ndoo iliyopinduliwa, akaikalia. Ilikuwa ndogo kwake. Alikaa hapo magoti yakimfika kifuani, akisugua paji la uso pale alipojigonga.

"Nilisema hivyo kweli," alisema mwishowe, bila kumtazama Gaudensia. "Nilikuwa na njaa."

Kisha akainua uso juu, kwenye kona ya dari ambako masikio ya Mlezi yalikuwa yamepachikwa.

"Uliza," alimwambia. "Kuanzia sasa hivi uliza. Hata tukichoka. Hata tukikutukana."

"Nitauliza, kaka. Hata mkicheka?"

Fidelis alifikiri. "Wakicheka wote, acha. Mmoja asipocheka, uliza."

*

Simu ilikuja kabla ya saa kumi. Injinia Sifuni aliileta mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya kupakia mbegu ili wote wasikie. Aliyekuwa upande wa pili alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo lilifanya mambo yawe magumu zaidi. Aliuliza jina la mwoteshaji. Akauliza jina la birika. Akauliza sababu.

Gaudensia alimtazama Fidelis. Fidelis alikuwa akivitazama vigae vya mama yake, vilivyoning'inia kama samaki wa kukaushwa.

"Sababu ni sauti," Gaudensia alisema. "Niliagiza jambo kwa utani. Mtaniwa hakucheka, mtambo ukalichukua kuwa ni kweli. Andika hilo la kutokucheka, tafadhali. Usiandike tu kwamba mtambo umekosea. Andika kwamba unamsubiri mtu acheke, na kuna siku mtu hawezi kucheka."

Kijana aliomba arudie, akarudia. Akasema wataalamu watafika kesho asubuhi kuutia mtambo uziwi, na kwamba amri kwa mitambo mingine ya aina hiyo itatoka leoleo. Akashukuru kwa ukweli wake. Gaudensia hakuitaka shukrani hiyo.

"Na birika la leo?" Injinia Sifuni aliuliza. "Vigae vimekwisha kupakwa mbegu. Vikilala mpaka kesho, mbegu zinakufa."

Upande wa pili zilisikika karatasi zikigeuzwa. "Mpaka tutakapofika, mtambo ni wenu," kijana alisema. "Dhima pia ni yenu."

Simu ikakatika. Injinia aliwatazama wote wawili, akamtazama zaidi Fidelis.

"Kaka, neno ni lako. Kesho tutavipaka mbegu upya tuvioteshe kwa kitabu, na havitadanganya mtu. Ukungu ukishuka vitazima, tutajua vitazima. Leo unaweza kupata nywele za mlimani. Au unaweza kupata vipara tena na usijue mpaka vifike juu ya paa."

"Tutajua," Gaudensia alisema. "Nitakata kipande kabla ya kutia rangi."

Fidelis hakumjibu yeye. Alisimama kutoka kwenye ndoo, akaenda kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama anavyonawa siku zote kabla ya kazi.

"Tushushe," alisema.

Injinia aliwatoa wengine wote nje, asije mtu akadondosha neno, akafunga mlango. Wakabaki wawili na Mlezi. Kwa kawaida hapo ndipo makelele yalipoanzia, Wahehe hivi, Wangoni vile, mpaka watu wa chumba cha jirani wagonge ukuta. Leo waliongea yale tu ambayo kazi iliyadai, na Mlezi aliuliza kila moja.

"Nishushe kifudifudi?"

"Kifudifudi."

"Nianze na moto wa chini?"

"Wa chini."

"Una hakika, dada?"

"Nina hakika."

Maji yalishika joto. Mvuke ulipanda ukashika madirisha. Katikati ya kazi maji yalianza kupoteza ung'avu wake, yakawa meupe kidogo kama maji ya kuoshea mchele, na Fidelis akainama haraka.

"Linakasirika," alisema.

Ni hatari wanayoiogopa waoteshaji wote. Zinki ikichoka kungoja mbegu hugandia majini yenyewe kwa yenyewe, birika likawa maziwa, chakula cha nywele kikaishia kwenye matope ya chini.

"Limekasirika au linataka?" Gaudensia aliuliza.

"Linataka. Mlezi, lipoze. Kidogo. Kama unampoza mtoto uji."

"Nilipoze kama uji wa mtoto," Mlezi alisema. "Dada Gaude, unakubali?"

"Nakubali."

Alilipoza. Hakuna kitabu kilichokuwa na kipimo hicho, na kesho kutwa hakuna mtambo nchini ambao ungekielewa. Maji yalibaki kwenye ule weupe wa mashaka kwa muda uliowatosha wote wawili kusali, kisha yakaanza kurudi kuwa maangavu, mpaka wakaona tena misumari ya sakafu ya birika.

Jua lilipokuwa likielekea kushuka waliinua kigae cha pembeni. Gaudensia alikata kona, akaikausha, akaiweka chini ya hadubini. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasogea pembeni, akamwachia Fidelis kiti.

Fidelis aliinama kwenye jicho la hadubini. Nywele zilikuwa zimesimama zote, ndefu, zimesongamana na kuachiana nafasi, kama shamba la ngano la mtu asiye mvivu. Alibaki ameinama hapo. Mabega yake makubwa yaliteremka, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo ambao alikuwa amesahau kuwa ameubeba.

Gaudensia alianza kukusanya vifaa. Hakutegemea kitu. Mama angelala kwake, hilo lilikuwa kubwa. Vijiji vingine vya mlimani visingepata nywele kama hizi tena, labda kwa miaka, na ni yeye aliyevinyima kwa neno lake la saa kumi, na angelisema tena. Hayo yote aliyajua. Alilolikosa ni dogo tu, na aliona aibu kulitamani.

"Mlezi," Fidelis alisema, bado jicho lake likiwa kwenye hadubini.

"Naam, kaka."

"Ukimaliza hivi vya mama, muoteshee huyu Mngoni nywele kwenye nyayo. Ndefu. Apate kurudi kwao Afrika Kusini bila viatu, maana walipokuja wakikimbia waliviacha njiani."

Gaudensia alisimama na ndoo mkononi. Alifungua mdomo acheke na kicheko kikakataa kutoka; kilichotoka ni kilio, kikubwa, cha kifuani, cha mtu aliyekizuia tangu asubuhi. Aliiweka ndoo chini akajifunika uso kwa aproni yenye zinki.

Mlezi alingoja. Bomba ukutani liligugumia likanyamaza.

"Kaka Fidelis," aliuliza, "dada hajacheka. Nioteshe?"

Fidelis aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini, akamtazama mtani wake anavyotikisika ndani ya aproni.

"Acha, Mlezi," alisema. "Wangoni ndivyo wanavyocheka."